Mahusiano ya darasa la awali si yale ya vijiweni

Sauti ile ilinifikia mara tatu kwa siku moja. Asubuhi ilikuwa kwenye kundi la WhatsApp la wazazi wa shule moja ya msingi hapa Mtwara mjini, mchana kwenye kundi la ukoo, na jioni mama mmoja muuza samaki akanisimamisha njiani, akaniwekea simu sikioni na kuniuliza, "Eti mwalimu, haya ni ya kweli?" Mwanamume asiyejitaja jina anasema kwa dakika nne kwamba Uingereza imewalazimisha watoto wa miaka mitano kusomeshwa mahusiano, kwamba mtaala mpya wa Tanzania umefuata nyayo hizo, na kwamba mzazi mwenye uchungu na mwanawe amtoe darasa la awali kabla hajaharibika. Kwenye kundi la wazazi zikafuata dua, vikaragosi vya hasira, na baba mmoja aliyetaka kujua kama tuisheni ya jioni ya KKK, yaani kusoma, kuandika na kuhesabu, itaendelea.

Niseme mapema ninachokiamini, asiyetaka kuendelea aishie hapa. Kinachoitwa mahusiano katika madarasa ya watoto wadogo, kwao na kwetu, ni kumfundisha mtoto kukaa na mwenzake, kuijua hali ya moyo wake, na kujua amwendee nani akipatwa na baya. Mtoto wa Mtwara na Lindi ana haja na somo hilo kuliko haja aliyonayo ya kukimbizwa kusoma silabi kabla ya wakati. Ila tumeliogopa neno hadi tukasahau kuuliza lenye maana: je, yupo mwalimu mwenye nafasi ya kulifundisha, na mtoto akifumbua mdomo yupo wa kumsikiliza?

Lawama ya kwanza ni ya neno lenyewe. Kiswahili cha redio na cha mitandaoni kimeliteka neno "mahusiano". Mtu akisema yuko kwenye mahusiano, hakuna anayedhani anazungumzia ujirani. Vipindi vya usiku vinavyoitwa vya mahusiano vinajadili michepuko na nyumba ndogo. Wenye kujali sarufi wanasema sahihi ni "uhusiano", na vita hiyo imeshawashinda zamani. Basi mzazi akisikia mwanawe wa miaka mitano anasomeshwa mahusiano, akili inakwenda kijiweni moja kwa moja, na simlaumu. Lakini angefungua mtaala wa elimu ya awali uliotumika tangu 2016 angekuta umahiri sita uliokusudiwa mtoto aupate: kuhusiana, kuwasiliana, kutunza afya, kutunza mazingira, kumudu stadi za sanaa na michezo, na kutumia dhana za kihisabati. Kuhusiana kumo humo, miaka mingi kabla ya sauti ile kurekodiwa. Kwa lugha ya nyumbani maana yake ni kusalimia, kuomba kwa adabu, kusubiri zamu, kusema samahani, kuzuia mkono unapotaka kumpiga mwenzako kwa sababu ya kifuniko cha soda. Mitaala iliyoboreshwa ilipoanza Januari 2024 kwa awali, darasa la kwanza, la tatu na kidato cha kwanza, mengi yalibadilika, lakini wazo kwamba mtoto mdogo hufundishwa kuishi na wenzake halikuletwa na meli mwaka huo.

Na Uingereza je? Inayosemwa kwenye sauti ile ni England, maana Scotland na Wales zina utaratibu wao. England ilitunga sheria mwaka 2017, na tangu Septemba 2020 elimu ya uhusiano ni ya lazima katika shule zote za msingi, zikiwemo zile shule ndogo wanazowatengea watoto wa miaka minne hadi saba. Mwongozo wake uligusa mambo matano: familia na watu wanaonijali, urafiki, kuheshimiana, mambo ya mtandaoni, na kuwa salama. Elimu ya kujamiiana haikufanywa ya lazima kwa shule za msingi, na shule ikiamua kuifundisha mzazi anaweza kuomba mwanawe atolewe. Mwongozo huo ulirekebishwa na kutangazwa Julai 2025 ili utumike kuanzia Septemba 2026. Kwenye sauti ile yote haya yamegeuka "wamelazimisha watoto mapenzi". Sisemi kwamba kwao kuna utulivu. Mwaka 2019 wazazi wa Birmingham, wengi wao Waislamu kama tulivyo wengi wa pwani hii, walisimama nje ya lango la shule wiki kwa wiki wakipinga namna familia za watu wa jinsia moja zilivyotajwa darasani, hadi mahakama ikaweka zuio. Ugomvi ule ni wa kweli, na kila upande una lake la kusema. Kuuhamishia Mtwara, kwenye mtaala usio na habari hizo, ni sawa na kumfukuza mwizi wa mtaa wa pili ukiwa umeacha mlango wako wazi.

Hofu hii ina mizizi ya karibu pia. Februari 2023 Wizara ya Elimu ilipiga marufuku vitabu 16 mashuleni kwa madai ya kukiuka maadili, na nchi nzima ikazungumza. Mwezi uliofuata Serikali ikazuia huduma ya bweni kwa watoto wa awali hadi darasa la nne, kwa hoja kwamba umri huo unahitaji malezi ya karibu ya mzazi. Hilo la pili lilipita kimya ukilinganisha na la kwanza, ukiacha wenye shule binafsi waliolalamika hesabu zao kuharibika. Kwangu mimi agizo la bweni lilikuwa zito zaidi kuliko la vitabu. Serikali ilikiri kwa maandishi kwamba mtoto wa miaka sita hajifunzi vema akiwa mbali na anaowapenda, kwamba moyo wake ni sehemu ya masomo yake. Ukikubali hoja hiyo kuhusu kitanda cha bweni, ni vigumu kuikataa kuhusu mkeka wa darasani.

Tena kwetu, mikoa hii miwili ya kusini, jambo lenyewe lina sura yake. Mwaka jana niliingia darasa moja la awali. Ukutani palikuwa na picha ya familia: baba mwenye tai, mama mwenye kitenge, mtoto wa kiume, mtoto wa kike na mbwa. Mwalimu akawauliza watoto, nyumbani kwenu yuko nani? Wa kwanza akasema bibi. Wa pili akasema bibi na mjomba. Wa tatu, kitoto chembamba chenye sare iliyompwaya mabegani, akafikiri kidogo kisha akasema, "Kuku." Darasa likaangua kicheko, mwalimu naye akacheka. Ilikuwa Novemba. Baadaye mwalimu akaniambia mama wa mtoto yule yuko shambani upande wa Nanyamba tangu korosho zilipoanza kudondoka, anarudi Ijumaa kwa Ijumaa, na bibi aliyeachiwa nyumba amezidiwa na miguu. Mtoto alikuwa amejibu sawasawa alichoulizwa.

Kila msimu, kuanzia Oktoba hadi minada inapokwisha, maelfu ya nyumba za Tandahimba, Newala, Masasi, Ruangwa na Liwale huishi hivyo. Watu wazima wanahamia kwenye mikorosho, wadogo wanabaki na mabibi, na wengine wanafuatana nao kuokota. Pesa ikishalipwa baadhi ya nyumba hujengwa na baadhi huvunjika, na mtoto huhamishwa kutoka kwa baba kwenda kwa shangazi bila mtu kumweleza neno. Ongeza kwamba Wamakonde, Wamakua, Wayao na Wamwera kwa asili hufuata ukoo wa mama, kwa hiyo mjomba ana kauli ambayo picha ile ya ukutani haimpi hata kiti. Mtoto anayefika shule Januari akiwa amebadilishwa nyumba mara mbili hawezi kuanza na "a, e, i, o, u" kama kwamba hakuna kilichotokea. Ataanza kwa kununa, kwa kususa, kwa kumng'ata mwenzake mkono. Kiswahili kina hazina kubwa ya maneno ya hali hizo: kununa, kususa, kuzira, kudeka, hamaki, kinyongo, kisirani, soni. Lakini mtoto akiyasikia ni kwa kukaripiwa tu, "Acha kisirani!", hapewi nafasi ya kuyatumia kusema habari zake mwenyewe. Kwa yule aliyekuja akiwa na Kimakonde peke yake kutoka Kitangari au Mahuta, hata ukaripiaji wenyewe ni lugha ya kubahatisha.

Sasa nije kwenye hoja za wanaopinga, na nianze na ile ninayoiona dhaifu kuliko zote: kwamba mtoto wa miaka mitano au sita hajafikia umri wa kusikia lolote kuhusu mwili wake. Hoja hiyo ikitoka kinywani mwa mtu wa Mtwara au Lindi nashindwa nicheke au nilie. Nani hapa asiyejua kinachofuata shule zikifungwa Desemba na malipo ya korosho yakiingia? Ngoma zinalia usiku kucha, wari, wasichana waliochezwa unyago, wanatolewa wakiwa na kanga mpya na miwani ya jua, na katikati yao wamo watoto wa darasa la kwanza na la pili walioungwa na dada zao kwa sababu mzazi amepiga hesabu: pilau moja, muziki mmoja, gharama moja. Wazee wanasimulia kwamba zamani msichana alisubiriwa avunje ungo, au akaribie. Umri umeshuka, mafunzo yamebaki yale yale ya mtu aliye mlangoni mwa ndoa. Mzazi yuleyule anayetaka mwanawe asiambiwe na mwalimu kwamba hakuna anayeruhusiwa kumgusa hapa, amempeleka kwa kungwi akaambiwa mengi zaidi ya hapo, na amelipia.

Siandiki haya kuudharau unyago wala jando. Nimepitia huko, na yapo mambo huko ambayo shule ingekuwa na akili ingeyaazima. Chukua cheo cha somo. Msichana anapewa mtu mzima mmoja, asiye mama yake, ambaye maisha yake yote ana ruhusa ya kumwendea na jambo asiloweza kulitamka nyumbani. England wanahangaika kuwafundisha watoto kumtafuta mtu mzima wa kuaminika. Sisi tulikuwa na jina lake na sherehe ya kumkabidhi. Lakini lipo moja linalogongana moja kwa moja na usalama wa mtoto mdogo, nalo ni siri. Ya kumbini hubaki kumbini. Kwa kijana wa miaka 14 hilo ni zoezi la kujizuia. Kwa mtoto wa miaka sita linamjengea mazoea kwamba mambo ya mwili ni mambo ya kunyamaza, na mtu mwenye nia mbaya hahitaji zaidi ya mazoea hayo. Hata lugha yetu inamsaidia mtu huyo. Tunaziita sehemu za siri, halafu tunashangaa mtoto akiyafanya yaliyotokea huko kuwa siri.

Wapo wanaosimama kwenye dini, nao nawaheshimu zaidi kwa sababu angalau wanasema kwa msingi. Nawauliza tu wakumbuke Sura ya An-Nur, inayowataka hata watoto ambao hawajabaleghe kubisha hodi nyakati tatu za siku kabla ya kuingia walipo wakubwa: kabla ya alfajiri, adhuhuri wanapovua nguo, na baada ya isha. Hilo ni somo la mipaka ya mwili na faragha, linafundishwa kwa mtoto mdogo, na maalimu wa chuo cha Kurani hulisomesha bila mtu kuandamana. Katekista naye hufundisha watoto kupendana na kusameheana kila Jumapili pale Ndanda na kwingineko. Ukiondoa neno mahusiano na kuweka adabu, nusu ya ugomvi huu unakufa palepale. Sipingi wizara ikilibadilisha.

Hoja ya "malezi ni ya nyumbani" ina uzito zaidi. Ni kweli kwamba mwalimu hawezi kuwa mama, na shule inayojifanya mama huishia kuwa mama mkali. Tatizo ni kwamba hoja inadhani kila nyumba ni mahali salama na pana mtu wa kuzungumza. Utafiti wa kitaifa wa ukatili dhidi ya watoto uliofanyika 2009 uliwauliza vijana wa miaka 13 hadi 24 yaliyowapata utotoni. Karibu wasichana 3 kati ya 10 na mvulana 1 kati ya 7 walisema walifanyiwa ukatili wa kingono kabla ya kutimiza miaka 18. Kilichonikaa zaidi kichwani ni kingine: nusu hivi ya wasichana hao, na zaidi ya theluthi mbili ya wavulana, hawakumwambia mtu yeyote. Wote hao walikuwa na nyumba, na wengi walikuwa na wazazi waliowapenda. Walichokosa ni maneno na mtu.

Maneno hayo yana kazi hata mahakamani. Kifungu cha 127 cha Sheria ya Ushahidi, kama kilivyorekebishwa mwaka 2016, kinamruhusu mtoto mdogo kutoa ushahidi bila kiapo mradi aahidi kusema ukweli na si uongo. Kesi nzima ya mtoto wa miaka sita inaweza kusimama juu ya ahadi hiyo na juu ya uwezo wake wa kueleza kilichotokea, nani, wapi, lini. Majaji wetu wamekuwa na busara ya kukubali maneno ya kuzunguka, "alinifanyia tabia mbaya" na mengine ya namna hiyo, wakijua mtoto wa Kitanzania analelewa kutotaja. Lakini kati ya mtoto na jaji kuna polisi, daktari na wakili wa upande wa pili ambaye kazi yake ni kumchanganya. Mtoto aliyezoea darasani kusimulia tukio kwa mpangilio, na kutofautisha kisa cha sungura na kilichotokea kweli, ana pa kushika.

Je, masomo haya yanafanya kazi? Hapa wanaoyatetea, nami nikiwamo, tupunguze sauti. Mwaka 2015 watafiti wa Cochrane, mtandao wa kimataifa unaochambua tafiti za afya, walikusanya majaribio 24 ya programu za shuleni za kuwakinga watoto na ukatili wa kingono, yenye washiriki 5,802 kutoka nchi mbalimbali, hakuna hata moja ya Afrika. Watoto waliofundishwa walijua zaidi namna ya kujilinda, na hapakuonekana dalili kwamba masomo yaliwatia wasiwasi. Waliojitokeza kusema yaliyowapata walikuwa kama 14 katika kila 1,000, dhidi ya 4 kwa wasiofundishwa. Ila hakuna ushahidi wa kutosha kwamba ukatili wenyewe ulipungua. Nimeisoma sentensi hiyo ya mwisho mara nyingi kwa sababu inasema jambo ambalo watunga mitaala hawapendi kulisikia: somo linamfumbua mtoto mdomo, halimfungi mkono mkosaji. Hiyo ni kazi ya wakubwa.

Na hapo ndipo ilipo hoja nzito kuliko zote, ambayo cha ajabu sijaisikia kwenye sauti yoyote ya WhatsApp. Kiwango kinachotajwa ni mwalimu mmoja kwa watoto 25 wa awali. Darasa nililolieleza hapo juu lilikuwa na watoto 112 kwenye daftari la mahudhurio na mwalimu mmoja, ambaye pia hufundisha darasa la pili mwalimu mwenzake anapokwenda semina. Alikuwa na ubunifu wake. Mlangoni ameweka makopo mawili ya maziwa, moja limechorwa uso unaocheka na jingine uso ulionuna, na kila mtoto akiingia anaweka kifuniko cha soda kwenye kopo linalofanana na moyo wake wa asubuhi hiyo. Mwalimu anahesabu vifuniko vya kopo la pili na kuangalia nani aliviweka. Nilifurahi sana hadi aliponiambia kwamba wiki mbili za kwanza vifuniko vyote viliingia kopo linalocheka, kwa sababu mtoto wa mbele kaweka humo na wa nyuma wakamfuata. Ikabidi asimame pale mlangoni, awaingize mmoja mmoja. Watoto 112, mmoja mmoja. Somo la kwanza linaanza saa mbili na nusu badala ya saa mbili, na mkaguzi aliyepita alimuuliza kwa nini.

Kuna fimbo pia. Kanuni za 2002 zinasema adhabu ya viboko itolewe na mwalimu mkuu au mwalimu aliyemruhusu kwa maandishi, isizidi viboko vinne, iandikwe kwenye daftari. Nani ameliona daftari hilo kwenye darasa la watoto wa miaka mitano? Huko fimbo haiitwi adhabu, inaitwa kunyamazisha. Mwalimu aliyeachiwa watoto mia na ushei bila msaidizi anashika ufito kama mchungaji, na sina moyo wa kumhukumu kabla ya waliompa watoto hao. Lakini huwezi kumwambia mtoto mwili wake ni wake huku umeshika ufito. Watoto wanakagua vitendo kuliko wakaguzi.

Kisha twende hatua ya mbele: mtoto amesema. Amemwambia mwalimu, kwa maneno yake, kwamba kuna mtu nyumbani. Mwalimu afanye nini? Kwenye karatasi njia ipo. Kuna Sheria ya Mtoto ya 2009, kuna Dawati la Jinsia na Watoto polisi, kuna afisa ustawi wa jamii, kuna namba ya bure 116, kuna kamati za ulinzi wa wanawake na watoto hadi ngazi ya kijiji na mtaa. Kwenye vumbi la kijiji njia hiyo ina mawe. Afisa ustawi anahudumia kata kadhaa na nauli anatoa mfukoni. Mtuhumiwa ni mtu wa ukoo. Wazee wanakaa chini ya mwembe na jambo linamalizwa kifamilia, pengine kwa pesa ya korosho, na mwalimu aliyeripoti anageuzwa mchawi wa kijiji anayesubiri uhamisho. Kumfundisha mtoto kusema kisha kumwacha mikononi mwa kikao cha namna hiyo ni kumtendea ubaya mara ya pili. Mtu akiniambia tusifundishe somo hili hadi njia hiyo isafishwe, nitabishana naye kwa heshima, kwa kuwa naamini vitu hivi viwili vinasukumana. Njia haitasafishwa wakati hakuna anayepita. Lakini sitamwita mjinga.

Kinachoniudhi zaidi kuliko upinzani ni namna tulivyoligeuza darasa la awali kuwa la kwanza la kujifanya. Mzazi anapima shule kwa mtoto kusoma "ba be bi bo bu" ifikapo Machi, na shule za Kiingereza za mjini zimejifunza kumpa anachotaka: mazoezi ya nyumbani kwa mtoto wa miaka minne, mtihani wa kila mwezi, na mahafali yenye joho la kukodi. Joho! Mtoto hajui kufunga kamba za viatu. Wakati mikoa hii ilipokuwa na miradi ya wafadhili ya elimu ya awali, kama ule wa utayari wa kuanza shule uliofika Lindi, watoto walikaa na msaidizi kutoka kijijini kwao wakasikiliza hadithi na kucheza kabla ya kukabidhiwa penseli. Wazazi wengi waliona ni kupoteza muda hadi walipoona mtoto haogopi tena kumjibu mwalimu. Mtoto asiyethubutu kuinua mkono na kusema "sijaelewa" hafiki mbali na KKK hata umpe tuisheni ya usiku. Kuinua mkono ni kuhusiana: ni imani kwamba mtu mzima aliye mbele yake hatamcheka wala hatamchapa.

Kwa hiyo mzazi akiniuliza kama amtoe mtoto, namjibu amwache, na yeye mwenyewe aje. Aje aulize kuna watoto wangapi kwa mwalimu mmoja, maana Sera ya Elimu toleo la 2023, iliyozinduliwa Februari 2025, imeifanya elimu ya lazima kuwa ya miaka kumi, na msingi wa miaka hiyo unajengwa humu. Aulize msaidizi wa darasa atalipwaje; vijiji vinavyokubaliana kukata shilingi kadhaa kwa kila kilo ya korosho kujenga zahanati na madarasa haviwezi kushindwa kumlipa dada mmoja wa kukaa na watoto asubuhi. Aulize ufito unafanya nini juu ya meza. Makungwi nao waitwe shuleni kabla ya Desemba, tukae nao kuhusu umri wa wari na kuhusu ile habari ya siri. Nimewahi kuzungumza na mmoja wa upande wa Mingoyo, akaniambia yeye mwenyewe hapendi kuletewa vitoto vinavyosinzia katikati ya ngoma, ila mzazi akishalipa atafanyaje.

Picha ya ukutani nayo ibadilishwe, achorwe bibi. Na mjomba. Mbwa anaweza kubaki.

Ajenda ya kikao cha wazazi cha Januari imeshabandikwa kwenye mbao za matangazo za shule ambayo mimi ni mjumbe wa kamati yake: kuthibitisha muhtasari, yatokanayo, mchango wa chakula, mlinzi, matundu ya vyoo. Nilimwomba mwenyekiti tuongeze moja: mtoto akisema, anamwambia nani, na huyo nani anafanya nini. Akaitazama karatasi, akanitazama mimi. "Mwalimu," akasema, "hiyo tutaiweka kwenye mengineyo."